Ukuta wa Siku Moja

Kinyanjui alipima chumba mara mbili, akaandika vipimo kwenye kiganja chake kwa penseli ya seremala, kisha akamwuliza mkewe bila kumtazama, "Sasa huu wa kwanza upite hapa, ama hapo nyuma ya dawati la Kasyoki?"

"Upite popote," Waithera akajibu. "Ukuta ni wako."

"Si wangu. Ni wa Direkta."

"Na nyundo ni ya nani?"

Kinyanjui akaiachia tepu yake ikarudi ndani kwa kishindo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, watoto hawakuwepo, na chumba kile cha mabati kule Kabiria kilisikika kitupu kama debe. Chumba kimoja kirefu, mlango mmoja, ubao mmoja mweusi uliokwenda toka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Humo ndani Mwalimu Waithera alikuwa akifundisha hesabu Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita kwa mkupuo mmoja, watoto hamsini na mmoja, na huu ulikuwa mwaka wake wa tano.

Direkta Zedekiah, mwenye shule, aliingia akijipangusa jasho kwa kitambaa. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa na suti moja, na leo hakuivaa.

"Kinyanjui, hiyo hadibodi ya kugawa chumba isimame vizuri. Sitaki mtu akikohoa inaanguka."

"Itasimama, Direkta. Lakini bila kuchimba sakafu ni ya siku moja tu."

"Siku moja inatosha." Akamgeukia Waithera. "Mwalimu, nisikize. Jumanne ofisa wa elimu anakuja kutukagua. Anataka kuona madarasa matatu na walimu watatu. Akiona, tunapewa kituo cha mtihani wa Gredi ya Sita. Asipoona, wale wa Sita wanatawanywa shule zingine mwezi huuhuu. Wa Sita wakienda, wazazi wa Tano nao watahamisha. Hapo wewe na mimi tutabaki kufundisha panya."

"Na hao walimu wengine wawili watatoka wapi?"

"Hiyo wachia mimi."

"Direkta, hawa watoto wanajua hesabu. Si akae tu dakika kumi aone vile wanafanya?"

"Ataona nini? Atahesabu vichwa vya walimu, aandike, aende. Wewe siku hiyo ni mwalimu wa Gredi ya Tano. Basi."

Wazee wa Kabiria bado wanakumbuka kile kiwanja cha pale juu, kilichokuwa kimepigiwa vigingi vya shule ya umma. Vigingi viling'olewa miaka ya tisini, zikaota nyumba za kupanga za ghorofa sita, na kila aliyekwenda kuuliza akaambiwa faili imepotea. Watoto ambao wangesomea pale wamekwisha kuzaa, na hao waliowazaa ndio waliobanana kwenye mabati ya Zedekiah. Serikali iliyopoteza kiwanja kizima bila kutoa jasho sasa ilikuwa inamtuma mtu mwenye fomu aje kuuliza mbona chumba ni kidogo.

Kinyanjui alipigilia msumari wa kwanza. Waithera akatoka nje.

*

Jumatatu aliwafundisha kati ya kuta mbili. Kinyanjui alikuwa ameacha upenyo wa futi mbili upande wa madirisha, kwa hiyo Waithera alipita huku na huku kama mtu anayehudumia nyumba tatu zenye ndoa moja. Gredi ya Nne walikuwa mlangoni, ya Tano katikati, ya Sita mwisho kabisa.

Alianza kama kawaida yake, hadithi moja kwa wote, akipaza sauti ipite juu ya hadibodi.

"Fundi ana ubao wa futi kumi na mbili. Anataka vipande vitatu vilivyo sawa. Gredi ya Nne, niambieni kila kipande ni futi ngapi. Gredi ya Tano, niambieni kwa inchi. Gredi ya Sita, ninyi mnajua msumeno huwa unakula ubao. Kila mkato unakula moja kwa nane ya inchi. Kila kipande kitabaki na urefu gani kamili?"

"Mwalimu, fundi ni Baba Wangeci?" mmoja akauliza, akimaanisha Kinyanjui, na darasa zima likacheka, pande zote tatu.

Ndivyo alivyofundisha tangu kabla ya kuta. Ubao mmoja aliugawa kwa mistari miwili ya chaki, na kila gredi ikawa na sehemu yake. Lakini mstari wa chaki hauzuii jicho. Wa Nne walitupa macho kwa wa Sita, wakaiba wanachoweza kuiba. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa miwili tu na madaftari hamsini na moja, Waithera aliwawekea sheria mwaka ule wa kwanza: kando ya kila jibu mtoto anachora mstari mfupi, na juu ya mstari huo anatia sahihi shahidi, mtoto wa gredi nyingine aliyeifuata hesabu hatua kwa hatua na kuridhika. Mwalimu hatii sahihi. Mwalimu anauliza swali moja tu: "Una uhakika?" Akiulizwa hivyo, mtoto haongei. Anainuka na daftari lake, anakwenda kumtafuta shahidi.

Saa za kwenda nyumbani zilipokaribia, akawakusanya wote sehemu ya katikati, wamebanana kama viazi guniani.

"Kesho tuna mgeni. Kesho hakuna kwenda kwa shahidi. Kila mtu anakaa darasa lake mpaka mgeni aende. Mmenisikia?"

"Ndio, mwalimu."

Kasyoki wa Gredi ya Nne, msichana wa miaka tisa aliyeota meno ya mbele mapema kuliko uso, aliinua mkono. "Mwalimu, na nikikosea?"

"Kesho ukikosea, kosea polepole."

Njiani, Wangeci, bintiye wa Gredi ya Sita, alitembea hatua mbili nyuma yake hadi walipofika kwa muuza makaa.

"Mama, kesho tutadanganya?"

"Kesho tutanyamaza."

"Na hiyo si kitu moja?"

"Wangeci, lolote utakaloliona kesho, nyamaza. Umesikia? Lolote. Ni siku moja tu."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Tangu azaliwe hakuwahi kukatazwa na mama yake kusema jambo alilolijua.

*

Walimu wawili wa Direkta walifika Jumanne saa moja unusu. Wa kwanza alikuwa Mwaura, mpwa wake, kijana anayeuza chaja za simu mjini. Alivaa tai.

"Niaje, ticha. Mimi ndiyo wa Sita. Nitawapiga zile za sehemu, nusu na robo. Hizo ni rahisi."

"Unazikumbuka?"

"Ticha, hesabu ni hesabu."

Wa pili hakutoka mbali. Alikuwa Kaindi, mpishi wa shule, aliyeondolewa kwenye sufuria na kuvishwa koti la mke wa Direkta. Koti lilimbana mabega. Alisimama mbele ya Gredi ya Nne, watoto aliowapakulia githeri ya mahindi na maharagwe kila siku ya Mungu, akashika chaki kama anayeshika pilipili.

"Mwalimu," alimnong'oneza Waithera, "mimi nitafundisha nini? Mimi ni wa maharagwe."

"Sema tu 'endeleeni'."

"Na akiniuliza?"

"Mwambie wanafanya mazoezi."

Kaindi akavuta pua. "Kuaibishwa mbele ya watoto wa watu. Na hata sijaweka chumvi."

Ofisa alifika saa tatu. Aliitwa Bwana Haron, mtu mwembamba mwenye faili kwapani na viatu vilivyokwisha kulizoea tope la Kabiria. Zedekiah, ndani ya suti, alimtangulia akitembea kinyumenyume. "Hapa ni Gredi ya Nne, mheshimiwa. Mwalimu wao, Bi Kaindi."

"Endeleeni," Kaindi akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amesimama kufanya lolote.

Katikati, Waithera aliendelea kuwafundisha wa Tano, lakini masikio yake yalikuwa yamehamia upande wa pili. Alisikia kalamu ya Haron ikiandika. Alisikia viatu vikielekea kwenye upenyo, na pumzi ikamrudia. Kisha viatu vikasimama.

"Wewe msichana. Jina lako?"

"Kasyoki."

"Kasyoki, sita mara kumi na nne."

Penseli ilikwaruza karatasi.

"Themanini na nne."

"Vizuri sana!" Na Haron, kwa wema tu, kama mtu mzima yeyote anayemtania mtoto, akaongeza, "Una uhakika?"

Waithera alifumba macho. Aliwakataza kwenda kwa shahidi, lakini halikumjia wazo kwamba mtu mwingine duniani angeweza kuuliza swali lile. Ndani ya chumba hiki swali lile halikuwa na jibu la mdomo hata siku moja. Jibu lake lilikuwa miguu.

Kasyoki aliinuka. Akachukua daftari, akapita mbele ya Haron, akapita mbele ya Direkta aliyenyoosha mkono asimpate, akapenya kwenye upenyo wa kwanza. Alikatiza katikati ya Gredi ya Tano bila kumtazama mwalimu wake, akapenya wa pili. Shahidi wake siku zote alikuwa Wangeci.

"Anakwenda wapi?" Haron akauliza.

"Choo, mheshimiwa," Zedekiah akasema. "Huyo ana shida ya tumbo."

"Na daftari?"

Haron akamfuata. Waithera akamfuata Haron.

Kule mwisho, Mwaura alikuwa ameandika ubaoni kwa maandishi makubwa: robo tatu kujumlisha nusu. Chini yake akaandika jibu, nne kwa sita, na kando akapiga alama kubwa ya sahihi, yake mwenyewe. Watoto kumi na wanane wa Gredi ya Sita walikuwa wameketi wakiitazama hesabu ile kama watu wanaotazama ajali. Kalamu zilikuwa mezani. Wangeci alikuwa ameikalia mikono yake.

Kasyoki alimwekea daftari mbele. "Dada Wangeci, nishuhudie." Kisha akaona ubao. "Ile ameshuhudia nani?"

Wangeci akainamisha macho kwenye daftari.

"Si ni makosa?"

"We katoto, rudi kwenu," Mwaura akasema, akicheka kwa aibu.

"Lakini robo tatu peke yake ni kubwa kuliko hiyo." Kasyoki hakuwa anabishana. Alikuwa anashangaa. "Umeongeza, ikapungua."

Mtu wa Gredi ya Tano alicheka nyuma ya hadibodi. Halafu wa Nne, kule mlangoni, ambao hawakuona kitu lakini walisikia kila neno. Kicheko kilipita juu ya kuta zote mbili, na kwa muda huo chumba kikarudi kuwa chumba kimoja.

Haron hakucheka. Alimtazama Wangeci. "Wewe ni wa Gredi ya Sita. Anayosema huyu ni kweli?"

Wangeci akainua macho, akamtafuta mama yake penye upenyo. Nyuma ya Waithera alisimama Zedekiah, na Waithera aliisikia sauti yake sikioni, nyembamba, ya kuomba kabisa: "Mwalimu. Tafadhali. Mwalimu."

Angeweza kusema mtoto ni mgonjwa. Angeweza kusema lolote, na kituo cha mtihani kingebaki, na hao hamsini na mmoja wangebaki naye. Lakini mikono ile ilikuwa ya bintiye, na ilikuwa chini ya mapaja.

"Mshuhudie mwenzako," Waithera akasema.

Wangeci alisimama. Kwanza alilifuata jibu la Kasyoki hatua kwa hatua, hakuliruka, akatia sahihi. Kisha akaenda ubaoni, akaifuta nne kwa sita kwa kiganja, akaandika moja na robo. Kando yake akachora mstari mfupi, akampa Kasyoki chaki. Kasyoki alisimama kwenye ncha za vidole, akahesabu robo kwa midomo, akaandika herufi ya jina lake.

"Mwalimu wa hawa ni nani?" Haron akauliza.

Sauti ya Kaindi ikaja toka mlangoni, kavu, imechoka: "Ni huyo Waithera. Wote ni wake. Mimi ni mpishi, mzee, na maharagwe yangu yanaungua."

*

Barua ya ofisi ya elimu ilipofika, Zedekiah hakumfokea. Ingekuwa afadhali afoke. Aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani, akazungumza akiangalia sakafu.

"Ungesema neno moja tu. Ni miaka tisa nimeishika hii shule kwa meno."

"Najua, Direkta."

"Wa Sita wanapelekwa shule ya umma kule Satellite. Barua imeshatoka." Akanyoosha mkono. "Nipe boksi la chaki."

Waithera alimpa. Ndani mlikuwa na vipande vitano, kimoja si kirefu kuliko kucha. Zedekiah alivitazama, akafunga boksi, akalitia mfukoni mwa suti.

Ukuta wa Kinyanjui haukubomolewa. Direkta aliona kwamba ukisimama, mzazi anayepita huona madarasa. Akamwajiri msichana aliyemaliza sekondari mwaka jana, akamweka awasimamie wa Nne na wa Tano, kila gredi upande wake, na mtoto wa upande huu akiinuka kwenda wa pili anapigwa rula.

*

Wiki mbili baadaye Waithera alivaa viatu vyake vizuri akaenda mjini, kwenye jengo la ofisi, kumtafuta Bwana Haron. Lifti ilikuwa imekufa. Askari wa mlangoni alichukua kitambulisho chake, akakigeuza mara mbili.

"Mathe, unatafuta kazi ya kuosha?"

"Mimi ni mwalimu."

"Shule gani?"

Hakuwa na shule tena. Akapanda ngazi, ghorofa nane, akasubiri kwenye benchi toka saa tatu hadi saa sita na nusu. Watu walioingia baada yake waliitwa kabla yake, kwa majina, na kwa kicheko cha kujuana.

Haron alimkumbuka mara moja, akasimama hata. "Mwalimu! Kaa, kaa. Yule mtoto mdogo hajambo?"

"Anapigwa rula. Bwana Haron, nimekuja kuona ulichoandika."

Haron akalifungua faili, akamgeuzia Waithera. Karatasi mbili. Idadi ya madarasa: moja, limegawanywa kwa muda. Idadi ya walimu: mmoja. Idadi ya vyoo: viwili. Urefu wa chumba. Upana wa madirisha. Waithera alisoma hadi chini, akageuza, akasoma nyuma.

"Na hesabu?"

"Hesabu gani?"

"Ile waliyofanya mbele yako."

Haron alivua miwani. "Mwalimu, nisikuongopee. Nina miaka kumi na sita kwa kazi hii, na sijaona mtoto wa Nne akisahihisha hesabu ya Sita. Hata mke wangu nilimsimulia, jioni ileile."

"Uliiandika?"

"Fomu haina mahali. Ningeiandika wapi?"

Waithera aliitazama ile karatasi, visanduku vyake vyote vimejazwa kwa mwandiko safi. Kulikuwa na nafasi tupu chini, pana kama kiganja, iliyoachwa kwa mhuri. Mhuri ulikuwa mdogo.

"Kuna watu nje wanangoja," Haron akasema kwa upole.

*

Jumapili alasiri, Kinyanjui alikuwa ameketi kizingitini pa nyumba yao ya chumba kimoja, ananoa msumeno. Waithera alikuwa kitandani, mikono imejaa mafuta ya kujipaka. Sasa alikuwa akifua nguo kwa familia mbili za mtaa wa Muthangari, siku tatu kwa wiki, na sabuni ilikuwa imempasua vidole. Tangu Jumanne ile hawakuwa wameuzungumzia ukuta, yeye na mumewe. Waliuzunguka, kama watu wanaouzunguka ukuta.

Wangeci alikuwa mezani na daftari la shule mpya.

"Mko wangapi darasani?" Waithera aliuliza. Alikuwa anajua. Aliuliza kila Jumapili.

"Tisini na wanane."

"Lete nione."

Alifungua. Hesabu zilikuwa sawa, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wa Wangeci uliosimama wima. Na kando ya kila jibu, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kulikuwa na mstari mfupi. Yote mitupu.

"Mwalimu wenu hajauliza hii ni ya nini?"

"Aliniambia niache kuharibu karatasi."

"Na wenzako?"

"Sisi wote ni wa Sita, Mama. Hakuna wa gredi nyingine."

Waithera alichukua kalamu. Akaishika juu ya mstari wa kwanza kwa muda, kisha akairudisha mezani. Sheria aliiweka mwenyewe, na haikuwa na mlango wa nyuma: mwalimu hatii sahihi.

Sauti ya tupa kwenye msumeno ilikuwa imekoma.

"Mimi niliishia darasa la nne," Kinyanjui akasema.

Wakamtazama. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaja mezani, akajikunja juu ya daftari. "Hii inasema nini?"

"Tano kwa nane, ujumlishe robo tatu," Wangeci akasema. "Ya inchi, Baba, kama unataka."

"Usiniambie jibu."

Alitoa tepu mfukoni, akaivuta. Akaweka kucha ya kidole gumba kwenye alama moja, akasogeza ya pili, midomo ikihesabu vistari vidogo ambavyo mikono yake ilivijua kuliko macho. Alichukua muda. Nje mtu alikuwa anafukuza kuku. Waithera alitazama kiganja cha mumewe, mahali alipoandika vipimo vya kile chumba. Palikuwa safi sasa.

"Inchi moja," Kinyanjui akasema, "na tatu kwa nane."

Wangeci akamsogezea daftari. Alitia sahihi kwa penseli ya seremala, herufi nene zilizotoka nje ya mstari pande zote mbili.

"Baba," mtoto akamwuliza, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa, "una uhakika?"

Kinyanjui alikunja tepu polepole, akiizuia kwa kidole isipige kelele.

"Ya hii, ndio," akasema. Akauvuta kwake ukurasa wa pili.